Oili inavuja? Kabla ya kushusha giaboksi, kagua swichi ya presha

DOA jeusi kwenye pevingi za uani ni habari mbaya katika nyumba yoyote yenye gari. Mwenye nyumba analalamika kwamba uwanja wake unachafuliwa, watoto wanalikanyaga na kuingia nalo sebuleni, na wazazi wanaanza kujiuliza kama fedha iliyotengwa kwa ajili ya ada ya Januari itabaki salama.

Wasiwasi huo una sababu. Oili inayovuja inaweza kuwa dalili ya tatizo kubwa, lakini mara nyingi hutoka kwenye kifaa kidogo kuliko kidole gumba, ambacho bei yake haikaribii hata kidogo gharama ya kufungua injini. Kifaa hicho ni swichi ya presha ya oili, ambayo watu wengi wanaiita sensa ya oili.

Familia nyingi hupoteza fedha kwa sababu ya kifaa hiki kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaolipia kazi kubwa, kama kushusha giaboksi na kubadilisha sili ya nyuma ya krenki, kumbe oili ilikuwa ikitoka kwenye swichi. Na wapo wanaoona taa nyekundu ya oili inawaka, wanaambiwa "hiyo ni sensa tu, mama, usiwe na wasiwasi," wanaendelea na safari na injini inanoki njiani. Kosa la kwanza linakula akiba, la pili linaua gari. Yote mawili yanaepukika kwa kukagua na kupima kabla ya kufungua chochote.

Swichi hii inafanya kazi gani?

Ndani ya injini, vyuma vinavyozunguka kwa kasi havipaswi kugusana. Kati ya krenki na beringi zake kuna utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Presha ya oili ikipotea, chuma kinakutana na chuma, joto linapanda na beringi zinaungua. Hapo ndipo fundi anaposema injini imenoki.

Swichi ya presha imefungwa kwenye njia ya oili, mara nyingi kwenye bloku karibu na filta ya oili, na katika baadhi ya injini kwenye silinda hedi. Ndani yake kuna kiwambo chembamba na springi. Injini ikiwa imezimwa hakuna presha, hivyo springi inaunganisha umeme na taa nyekundu inawaka unapofungua swichi ya gari. Injini ikiwaka, presha inasukuma kiwambo, umeme unakatika na taa inazimika ndani ya sekunde chache.

Swichi nyingi za aina hii zimetengenezwa ziwashe taa presha inaposhuka hadi karibu na nusu ya bar. Injini yenye afya ikiwa kwenye mwendo wa barabarani huwa na presha ya bar 2 hadi 5 hivi. Maana yake ni kwamba taa ikiwaka, presha tayari imeshuka vibaya. Hiyo si taa ya kukukumbusha kuongeza oili utakapopata nafasi.

Jaribu jambo moja kesho asubuhi. Fungua swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha tazama dashibodi. Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili inapaswa kuwaka. Kama haiwaki, huenda balbu imeungua, waya umekatika, au kuna mtu aliyeizima kwa makusudi. Anayekwenda kununua gari lililotumika asiache kufanya ukaguzi huu wa sekunde tano.

Inavyoanza kuvuja

Swichi ina sehemu mbili zilizobanwa pamoja: chini kuna chuma chenye nyuzi za kufungia, juu kuna plastiki inayopokea waya. Miaka inavyopita, joto la injini huikausha plastiki na kuichosha sehemu ya maungio. Kiwambo cha ndani nacho kinaweza kutoboka. Oili inaanza kupenya katikati ya chuma na plastiki, au inapanda na kutokea pale waya unapochomekwa.

Mwanzoni ni unyevunyevu tu unaokusanya vumbi. Baadaye yanakuja matone. Kiwambo kikipasuka kabisa, oili inaweza kutoka kwa wingi, kwa kuwa pale inasukumwa na pampu. Hivyo gari linaweza kulala uani bila kudondosha hata tone, kisha likapoteza oili nyingi likiwa barabarani. Mwenye gari anayekagua sakafu asubuhi peke yake anaweza kudhani mambo ni shwari.

Fikiria gari dogo la familia linaloonekana sana katika miji yetu, Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,497. Injini hiyo inachukua takriban lita 3.7 za oili ikibadilishwa pamoja na filta. Katika magari mengi, umbali kati ya alama ya juu na ya chini kwenye kijiti cha kupimia ni takriban lita moja. Kwa gari dogo, lita moja ikivuja ni zaidi ya robo ya oili yote.

Hatari nyingine ni moto. Oili ikidondokea bomba la eksosi lililopata joto kali, kwanza utasikia harufu ya kuungua na kuona moshi mwepesi chini ya boneti. Wingi wake ukiongezeka, inaweza kushika moto. Harufu ya oili inayoungua isipuuzwe, hasa watoto wakiwa ndani ya gari.

Kwa nini chanzo kinadanganya

Oili haidondoki chini ya pale inapotokea. Inateremka kwenye ukuta wa injini, inafuata kingo na waya, na gari likiwa kwenye mwendo upepo unaisukuma nyuma. Ndiyo maana uvujaji wa swichi iliyo juu unaweza kuonekana kwenye maungio ya injini na giaboksi, mahali pale pale ambapo sili ya nyuma ya krenki ikichoka huvujia. Fundi anayetazama kwa chini tu, gari likiwa juu ya jeki, anaweza kukosea kwa nia njema kabisa.

Swichi ya presha pia si kifaa pekee cha umeme kinachokutana na oili. Sensa ya kamshafti ina oringi, yaani pete ya mpira, ambayo ikikauka inaruhusu oili kupita. Valvu inayoongoza oili ya mfumo wa VVT-i kwenye Toyota nayo ina oringi yake. Yapo pia mambo ya kawaida: gasketi ya tapeti kava juu ya injini, filta ya oili iliyofungwa vibaya, na nati ya kumwagia oili kwenye sampu. Vyote hivi ni kazi ndogo kuliko kushusha giaboksi, na vyote vinapaswa kukaguliwa kwanza.

Poda ya mtoto na kipande cha boksi

Njia ya kutafuta chanzo haihitaji mashine ya gharama. Kwanza, ulaze usiku kucha chini ya gari ubao wa boksi ulio safi. Asubuhi utajua kama kuna matone, ni mangapi, na yako upande gani wa injini. Tazama na rangi. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi, na maji ya rejeta mara nyingi yana rangi ya kijani, nyekundu au pinki. Maji meupe yasiyo na harufu yanayodondoka baada ya kutumia AC ni ya kawaida.

Pili, injini ioshwe. Ikiwa imepoa, fundi atumie sabuni ya kuondoa grisi, brashi na kitambaa. Kuosha kwa petroli ni kualika moto, na kurusha maji ya presha kwenye nyaya na sensa kunaweza kuleta hitilafu mpya. Uso wa injini ukiwa safi na mkavu, nyunyiza poda kidogo, hata ile ya mtoto, kuzunguka swichi na maungio mengine. Washa injini kwa dakika kumi hadi kumi na tano ikiwa kwenye sailensa, kisha izime na umulike kwa tochi. Oili itachora mstari mweusi juu ya poda, na mwanzo wa mstari huo ndio chanzo.

Tatu, chomoa kiunganishi cha waya cha swichi, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Ukikuta oili ndani ya kiunganishi, huhitaji ubishi mwingine: swichi imekufa ndani na inapaswa kubadilishwa. Kuiacha si salama hata kama inavuja kidogo, kwa sababu oili inaweza kusafiri ndani ya ganda la waya na kufika kwenye viunganishi vingine.

Taa nyekundu ikiwaka barabarani

Swichi mbovu inaweza kuwasha taa hata kama presha ni nzuri. Lakini dereva aliye nyuma ya usukani hana njia ya kujua kama taa inasema kweli au uongo. Kwa hiyo kanuni ni moja: toka barabarani mahali salama, zima injini mara moja, weka pembetatu ya tahadhari na uwaweke watoto mbali na magari yanayopita.

Subiri dakika chache oili iteremke kwenye sampu, kisha pima kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare. Kama iko chini ya alama, ongeza oili inayofaa. Taa isipozimika baada ya hapo, usiendeshe. Gari livutwe au fundi aje. Hata kama kipimo kinaonyesha oili imejaa, presha inaweza kuwa haipo kwa sababu pampu imechoka au chujio la ndani ya sampu limeziba tope.

Ushauri huu ni mgumu kuufuata katika safari kama ya Dar es Salaam kwenda Moshi mwezi wa Desemba, zaidi ya kilomita 500, gari limejaa watoto na mizigo na ndugu wanasubiri. Lakini injini isiyo na presha ya oili inaweza kuharibika kabisa ndani ya dakika chache. Gharama ya kuvutwa hadi mji wa karibu haiwezi kulinganishwa na ya kununua injini nyingine.

Taa inayowaka na kuzimika kwenye kona, unapofunga breki au unapopanda mlima ina maana yake pia. Mara nyingi oili imepungua kiasi kwamba inahama upande mmoja wa sampu na pampu inavuta hewa. Pima oili kabla ya kuishuku swichi.

Fundi akisema ni sensa, mwombe apime. Kazi yenyewe ni fupi: anafungua swichi, anafunga geji ya presha mahali pake, anawasha injini na kusoma. Geji ikionyesha presha inayolingana na maelekezo ya mtengenezaji, hapo swichi ndiyo yenye makosa. Ikionyesha presha ndogo, swichi ilikuwa inasema kweli na imeiokoa injini.

Kuna kipimo kingine cha waya. Kwa swichi yenye waya mmoja, ukiuchomoa huku swichi ya gari imefunguliwa, taa inapaswa kuzimika. Ikibaki imewaka, waya umegusa chuma mahali fulani. Magari mengine, hasa mapya, hayana swichi bali sensa yenye nyaya mbili au tatu inayopeleka vipimo kwenye kompyuta. Hizo zisiguswe-guswe kwenye chuma, zipimwe kwa vifaa vyake.

Kubadilisha swichi

Katika magari mengi kazi hii haimalizi saa moja, ingawa yapo ambayo swichi imejificha nyuma ya vifaa vingine na inahitaji muda zaidi. Haihitaji kumwaga oili yote. Kidogo itatoka swichi ikifunguliwa, hivyo kinga kwa chombo na kitambaa.

Gari liwe mahali tambarare, hendibreki imevutwa, injini imepoa. Kama ni lazima kuingia chini, gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake si ya kumwamini mtu akiwa chini ya gari. Fundi achomoe waya kwa kubonya kibanio chake bila kuuvuta, asafishe kuzunguka swichi ili mchanga usiingie kwenye njia ya oili, kisha afungue kwa boksi spana ndefu. Toyota nyingi hutumia saizi ya 24. Koleo au spana ya kubahatisha hukwangua chuma au kuvunja swichi ikiwa bado ndani.

Swichi mpya ifananishwe na ya zamani: unene na urefu wa nyuzi, umbo la kiunganishi na idadi ya pini. Nyingine zinakuja na gundi ya kuzuia uvujaji ikiwa tayari imepakwa kwenye nyuzi, nyingine zinatumia washa ya shaba, na washa hiyo inapaswa kuwa mpya. Kama inahitaji gundi, ipakwe kidogo na iache nyuzi za mwanzo zikiwa tupu, ili isisukumwe ndani ya injini.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba haifai hapa. Vipande vyake vinaweza kuingia kwenye njia ya oili, na swichi ya waya mmoja inategemea nyuzi zake kugusa chuma cha injini ili umeme ukamilike. Ikizungushiwa tepu, taa inaweza isiwake siku presha itakapopotea kweli.

Swichi ianze kufungwa kwa mkono, kisha ikazwe kwa kiasi kilichotajwa kwenye kitabu cha gari. Kukaza kwa nguvu zote ni hatari, kwa kuwa sehemu nyingi za injini za kisasa ni za aluminiamu na nyuzi zake hukatika. Hapo kazi ndogo inageuka kubwa. Kiunganishi cha waya nacho kisafishwe oili yote kwa dawa ya kusafishia umeme kabla ya kurudishwa.

Mwisho, pima na uongeze oili, washa injini, na uhakikishe taa imezimika ndani ya sekunde chache. Mulika swichi kwa dakika kumi. Rudisha ubao wa boksi chini ya gari usiku huo na upime tena oili baada ya siku mbili tatu.

Dawa zisizotibu

Wapo wanaopaka silikoni juu ya swichi inayovuja. Haidumu, kwa sababu oili inatoka ndani ya kifaa chenyewe na presha yake itaisukuma silikoni. Wapo wanaohamia kwenye oili nzito wakitumaini itagoma kupita. Oili nzito kuliko ile iliyopendekezwa inachelewa kufika juu ya injini ikiwa baridi, na mfumo kama VVT-i unategemea oili yenye wepesi uliokusudiwa. Kiwambo kilichotoboka kitaendelea kuvuja tu.

Wapo pia wanaoongeza oili kila wiki na kuendelea na maisha. Miezi michache ya lita zinazoongezwa inatosha kununua swichi mpya, na bado swichi hiyo itakuwa haijabadilishwa.

Dukani na gereji

Kwenye maduka ya spea kama ya Kariakoo, utaulizwa unataka ya aina gani, na bei zitatofautiana sana. Nenda na swichi ya zamani, pamoja na namba ya chesisi ili muuzaji atafute namba halisi ya spea. Swichi ya bei ya chini mno inaweza kuanza kuvuja mapema au kuwasha taa kwa presha isiyo sahihi. Omba risiti yenye jina la duka na maelezo ya kitu ulichonunua.

Kwa fundi, maswali manne yanatosha, na hayahitaji mtu awe na elimu ya magari. Fundi, nionyeshe oili inatokea wapi. Umeosha injini na kuangalia tena? Umepima presha kwa geji? Utanipa kifaa cha zamani ukimaliza? Fundi mzuri hachukizwi na maswali haya, kwa sababu majibu yake yanamlinda na yeye. Akisema giaboksi ishushwe, piga picha ya sehemu inayovuja kwa simu na umwonyeshe fundi mwingine kabla ya kutoa malipo ya awali. Makubaliano ya kazi na bei yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.

Ni vizuri maswali haya yajulikane kwa kila anayeliendesha gari la nyumbani, mama, baba na kijana aliyepata leseni juzi. Mara nyingi taa huwaka siku ambayo anayejua mambo ya gari yuko safarini.

Kusafisha uani

Doa la oili likiwa bichi, limwagie mchanga mkavu, majivu au pumba za mbao, liache linyonye kwa saa kadhaa, kisha fagia. Lililobaki sugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu. Uchafu huo usifagiliwe kwenye mfereji wa maji ya mvua, ufungwe kwenye mfuko na kutupwa na taka.

Oili iliyotumika isimwagwe ardhini wala mtaroni. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na watoto, na ipelekwe kwenye gereji inayokusanya. Anayeishika avae glavu na anawe kwa sabuni, maana oili chafu ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu inaweza kuidhuru. Chupa za maji ya kunywa zisitumike kuihifadhia. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.